Kona ya Mafundi: Ubao wa kanga, mkonge na vifuu

*Kikundi chetu cha kazi za mikono kimetangaza shindano. Kila mtu atengeneze ubao wa kutundika, sentimita 30 kwa 40, wenye malighafi zisizopungua tatu, na mada ni "Pwani". Nina vipande vya kanga, kamba ya mkonge na vifuu vya nazi. Nilibandika kanga juu ya plaiwudi ya milimita 3 kwa gundi nyeupe ya seremala, na asubuhi nikakuta ubao umepinda kama ungo. Nimekosea wapi? – Msomaji, Tanga*

Kanga haina kosa, ndugu msomaji. Ubao umepindishwa na maji. Gundi nyeupe ni ya maji: upande ulioupaka umeyanywa, kisha gundi ilipoanza kukauka ikasinyaa na kuvuta kila kitu upande wake. Nyuma hakukuwa na cha kuvuta kinyume, na plaiwudi ya milimita 3 haina ubavu wa kuhimili.

Tumia plaiwudi ya milimita 6 au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya milimita 9. Usiogope uzito, kwani kwa kipimo chenu MDF hiyo ina takribani gramu 800, na plaiwudi ya 6 haifiki nusu kilo. Ukikosa, ile ya 3 itafaa ukiipigia fremu ya vijiti vya sentimita 2 kwa 2 mgongoni, kwa gundi na misumari midogo. Na kwa ubao wowote ule, unachopaka mbele paka na nyuma, siku hiyohiyo. Wengi huona ni kupoteza rangi, ilhali hiyo ndiyo inayoufanya ubao ubaki umenyooka.

Piga msasa namba 120, futa vumbi kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Mkono wa kwanza ni rangi nyeupe ya maji, sehemu nne za rangi kwa moja ya maji. Mkono wa pili usiongeze maji. Jua likiwaka, saa tatu au nne kati ya mikono zinatosha; wakati wa masika subiri mpaka kesho yake. Kingo za MDF zinakunywa kuliko uso wake, na zikilowa huvimba na kuwa na manyoya, kwa hiyo ziongezee mikono miwili.

Sasa kanga. Mpya ina wanga wa kiwandani unaozuia gundi kushika, basi ifue kwa maji ya moto na sabuni. Kabla ya kuianika, weka kipande kibichi juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto, uangalie. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazochuja zaidi. Ikiacha alama, usiiweke karibu na sehemu nyeupe ya kazi yako, kwa sababu gundi ya maji itaichujisha tena.

Usikate kanga ikiwa kavu tupu, itachanika nyuzi. Pitisha gundi iliyozimuliwa nusu kwa nusu mgongoni mwa kitambaa, kwenye mstari utakaokata, iache ikauke, ndipo ukate kwa mkasi mkali. Ukingo utatoka safi, hata ukizunguka maua ya pindo. Wakati wa kubandika, gundi ipakwe kwenye ubao, si kwenye kitambaa. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha eneo la karatasi ya A4. Laza kanga kuanzia katikati, sukuma hewa kuelekea pembeni kwa ukingo wa kadi ya benki iliyokwisha muda. Gundi ikipenya juu, itaacha doa linalong'aa ambalo halitoki, na hilo majaji huliona kutoka mlangoni. Funika kwa nailoni, weka vitabu vizito saa moja, kisha vua nailoni ili hewa ipite.

Kamba ya mkonge ya dukani mara nyingi imetiwa mafuta wakati wa kusokotwa. Ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa, uibane kwa pini hadi gundi ishike. Vifuu vikate vipande vya sentimita moja au mbili, maana kikubwa kina mviringo na kitagusa ubao kwenye pembe tu. Sugua mgongo wa kila kimoja kwa msasa namba 80 mpaka ulale bapa.

Neno moja kuhusu ubunifu wenyewe: masharti yanasema malighafi zisizopungua tatu, hayasemi kumi. Tatu zilizopangwa vizuri zinashinda meza nzima ya shanga, vifungo na pambo la kung'aa. Panga kila kitu kikavu kwanza, piga picha kwa simu, na uiangalie picha hiyo kesho yake kabla hujafungua gundi.

*Kauri, vipande vya chupa na vizibo vya soda vinanidondoka baada ya wiki moja, ingawa natumia gundi nyingi. – Msomaji, Mombasa*

Wingi wake ndio unaokuponza. Gundi nyeupe hukauka kwa kutoa maji, na kati ya kioo na rangi maji hayana pa kutokea. Kibandue kipande chochote na utaikuta gundi ingali nyeupe katikati.

Kwa vitu visivyonyonya maji tumia epoksi ya mirija miwili. Kamua kiasi sawa kutoka kila mrija, changanya dakika nzima, na tayarisha ya vipande vichache tu, kwa kuwa ile ya haraka huanza kuganda ndani ya dakika tano hivi. Kwanza kwaruza mgongo wa kauri au kizibo, halafu kwaruza rangi ya ubao mpaka mti uonekane. Usipofanya hivyo, epoksi itashika rangi na rangi itabanduka pamoja nayo. Acha ubao umelala hadi kesho yake. Gundi ya viatu ni nzuri kwa ngozi na mpira, ila inayeyusha stirofomu. Supaglu huacha ukungu mweupe kuzunguka kitu, hasa kwenye hewa yenye unyevu kama ya kwenu.

Kama kazi itasafirishwa nje ya nchi, usitumie matumbawe wala magamba ya chaza wakubwa. Biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES na inahitaji kibali.

*Nataka kuhamishia picha ya mlango wa Lamu kwenye ubao, lakini wino unachuruzika nikipaka gundi. – Msomaji, Nairobi*

Hiyo imechapwa kwa printa ya wino wa maji. Nenda dukani wakutolee kwa leza au fotokopi, kwani wino wake ni unga usioyeyuka kwenye maji. Waambie waigeuze kama kwenye kioo, la sivyo maandishi yoyote yatasomeka kinyume.

Paka gundi kwenye ubao mweupe, laza picha kifudifudi, sukuma hewa, uache saa 24. Kisha lowesha karatasi na uisugue kwa ncha za vidole, taratibu, kwa duara. Itatoka vijinyuzi vijinyuzi na picha itabaki. Ikikauka utaona utando mweupe: ni karatasi iliyosalia, rudia kulowesha. Ukisugua kwa haraka utang'oa picha yenyewe.

*Vanishi yangu imekuwa na mawingu. Nifanyeje? – Msomaji, Zanzibar*

Umepaka vanishi wakati gundi ya chini ingali mbichi, au siku ya mvua. Subiri siku mbili baada ya kubandika, paka asubuhi palipokauka, mikono miwili myembamba ya vanishi ya maji. Ile ya mafuta hugeuka manjano na kuharibu nyeupe ya kanga.

*Skrubu ya kutundikia imetokeza mbele! – Msomaji, Tanga (mwingine)*

Plaiwudi ya milimita 6 haishiki skrubu ya maana. Kabla hujapamba chochote, gundisha mgongoni kipande cha mbao chenye unene wa milimita 15, kwenye theluthi ya juu, ubane kwa klampu usiku kucha. Skrubu za milimita 12 ziingie humo, na waya ufungwe ukiwa umelegea kidogo.