Victory ipi?

Tangu niandike habari za Victory, manowari ya Uingereza iliyodumu miaka saba tu, maswali hayakatiki. Haya machache.

Si ndiyo ile ya Admirali Nelson, iliyopo Portsmouth mpaka leo? (Salma, Tanga)
Siyo! Ya Nelson ilishushwa majini 1765. Hii ilishushwa 1737, ikazama 1744. Someni mwaka kwanza, jamani, ndipo mshike kalamu.

Ilikuwa na mizinga mingapi? (Juma, Lamu)
Mia moja, ya shaba. Na watu wapatao 1,100, hakupona hata mmoja. Ajabu, la watu hakuna anayeniuliza.

Mzee, mbona humtaji mlinzi wa mnara wa taa wa Casquets, ile miamba ya Mfereji wa Uingereza? Si alizembea, manowari ikapanda mwamba? (Omari, Mombasa)
Hili ndilo nililokuwa nalingoja. Admirali John Balchen alikuwa ameshapita miaka sabini, amepewa hospitali ya mabaharia ya Greenwich aisimamie astarehe. Wakamrudisha baharini, ndani ya Victory, akafungue njia ya meli za shehena zilizozibwa na Wafaransa mdomoni mwa mto Tagus, huko Lisbon. Akaifungua. Wakati wa kurudi, Oktoba, dhoruba ikautawanya msafara karibu na kwao. Wenzake wakafika, yeye kimya. Vipande vya mbao vikaokotwa kisiwani Guernsey, basi yule mlinzi akabebeshwa lawama: taa hukuiwasha.

Mwaka 2008 manowari ikaonekana sakafuni mwa bahari, kilomita karibu mia kutoka Casquets. Mwamba gani huo unaotembea? Tena mabaharia wa zama zile walishainung'unikia: juu ndefu, chini haina kina cha kutosha, upepo wa ubavuni unaikokota upande wa demani, kule upepo uendako. Ukijenga ghorofa juu ya ngalawa, usimsumbue mwenye taa.

Dhahabu inayosemekana ilipakiwa Lisbon imeshatolewa? (Msomaji, Muscat)
Nijuavyo, mizinga miwili ndiyo iliyopandishwa ilipogunduliwa. Habari ya dhahabu chanzo chake ni gazeti la Uholanzi la 1744, na gazeti halijawahi kuwa hati ya shehena. Atakayekuuzia "hisa za hazina" kwa simu, mkatie. Pale chini pana mifupa ya watu.

Balchen alizikwa wapi? (Neema, Dodoma)
Hakuzikwa, bahari ilimchukua. Amewekewa ukumbusho wa marumaru Westminster Abbey, kanisa la London. Wa mlinzi wa taa haupo.