Maswali ya Kompyuta: Word ya kulipia au LibreOffice ya bure?

Ndugu wahariri, nina steshenari hapa Nyegezi, na wateja wangu wengi ni wanachuo wanaoleta tasnifu kwenye flashi. Kompyuta zangu mbili zina Word ya kukraki, yaani iliyofunguliwa bila leseni. Sasa moja inaleta utepe mwekundu juu ya ukurasa na hainiruhusu kuandika. Fundi anasema niweke LibreOffice ya bure, ila jirani yangu wa kibanda cha pili anadai itavuruga kazi za watu. Nimsikilize nani? *Mama wa steshenari, Nyegezi*

Dada yetu, kwa barua, CV, mitihani ya shule na mikataba ya pango, msikilize fundi. Kwa tasnifu, jirani naye ana hoja.

LibreOffice haina leseni ya kununua hata ukiitumia kibiashara. Faili lake ni kama MB 350: lipakue mara moja, liweke kwenye flashi, kisha sakinisha kwenye mashine zote mbili. Wakati wa kusakinisha chagua Custom, ufungue sehemu ya kamusi na uweke alama kwenye Kiswahili, maana usipofanya hivyo huenda maneno ya Kiswahili utakayoandika yakapigiwa mstari mwekundu.

Kinachovuruga kazi mara nyingi ni fonti. LibreOffice huja na Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, na Liberation Serif inayolingana hivyo hivyo na Times New Roman. Faili lililoandikwa kwa fonti hizo halisogei. Lakini Word za miaka hii huanza na Aptos, na hiyo haina pacha wake humo. Kompyuta huweka fonti nyingine, mistari inarefuka kidogo kidogo, na kufikia katikati ya tasnifu jedwali la yaliyomo linasema Sura ya Tatu iko ukurasa wa 31 wakati imeshahamia wa 33. Mwanachuo atakulaumu wewe. Kabla ya kuprinti, bofya ndani ya aya na utazame kisanduku cha jina la fonti: likiwa limeandikwa kwa herufi za kuinama (italiki), fonti hiyo haimo kwenye mashine yako. Mwambie mteja alete PDF. Kwa kweli, kazi ya kuprinti tu ingefaa ije kwa PDF siku zote.

Maoni ya msimamizi pembeni mwa ukurasa hupita salama. Kagua kwa macho milinganyo ya hesabu na michoro ya SmartArt.

Ukiwa ndani ya LibreOffice bonyeza Alt+F12, ingia Load/Save, kisha General. Kwenye "Always save as" chagua Word ya .docx, la sivyo mteja ataondoka na faili la .odt, aina ya LibreOffice yenyewe, ambalo simu yake huenda ikakataa kulifungua. Ukurasa huo huo una muda wa kuhifadhi nakala ya dharura. Weka dakika 3. Umeme wa kwetu mnaujua.

Ya kukraki iondoe. Vile viprogramu vya kuifungulia hudai uzime antivairasi kwanza, na mashine hiyo hiyo ndiyo inayochomekwa flashi za watu kutwa nzima. Tasnifu zikiwa nyingi, nunua leseni halali kwa kompyuta moja tu. Tunakushauri ile ya kulipa mara moja. Microsoft 365 ya kulipia kila mwezi ikikwisha bado utafungua faili na kuprinti, ila hutaweza kuandika wala kusahihisha, na wewe unaishi kwa kuchapa.

Wahariri, mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni) huku Ukerewe. Mihtasari ya vikao naandikia kwenye simu na mtandao unasumbua. Nitumie Google Docs au Word? *Katibu, Nansio*

Ndugu katibu, zote mbili ni bure kwenye simu. Word huiandika na kuihifadhi kazi kwenye simu yenyewe, kwa hiyo bando huhitaji mpaka siku ya kutuma. Google Docs ni nzuri zaidi ikiwa mwenyekiti naye anarekebisha faili hilo hilo, lakini bonyeza nukta tatu za faili na uwashe "Available offline" ungali na mtandao. Ukisahau, huenda faili lisifunguke mkiwa kwenye kikao mwaloni.