Pesa ya kwanza ni nauli

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Umepata pori la kununua na akiba yako ni ndogo. Shilingi ya kwanza utaipeleka wapi?" Najua wengi watajibu miche, wengine hati. Mimi, mwalimu mstaafu wa hapa Uyole, Mbeya, najibu nauli. Nauli ya kwenda kuliona hilo pori mara mbili kabla hujalipa, masika mara moja na kiangazi mara moja.

Mwaka 2012 shemeji yangu alinipigia simu kutoka Mafinga: kuna eka kumi za kupanda miti zinauzwa kijijini huko Mufindi, mkoani Iringa, bei ya kutupa. Nikapanda basi Januari. Nani asiipende Mufindi ya Januari? Nyasi zinafika kiunoni, ukungu hautoki mpaka saa nne, na bondeni maji yanapita yakiimba. Nikalipa.

Eka zilipimwa kwa miguu. Hatua sabini kwa sabini ni eka moja, kila mtu anajua. Kisichosemwa ni hatua za nani. Mpimaji wetu alikuwa mzee mfupi, ndugu wa muuzaji, na penye mteremko alikanyaga kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mimi nipo nyuma na daftari, nahesabu, nimeridhika kabisa kwa kuwa hesabu ilikuwa sahihi! Eka ni mita za mraba 4,047, yaani kila upande unakaribia mita 64. Ili hatua sabini zitimie hapo, kila moja iwe na sentimita 91. Jaribu sebuleni kwako uone kama ndivyo unavyotembea. Miaka mitatu baadaye kijana mmoja alizunguka shamba na GPS, eka zangu kumi zikawa nane na robo.

Hilo lilikuwa dogo. Agosti ya mwaka uleule wa 2012 nilirudi kuandaa mashimo, nikakuta bonde langu lina watu. Akina mama sita wameinama, wamepandisha matuta, maharage yameshachanua. "Kamwene, mwalimu," wakanisalimu kwa furaha, kana kwamba mgeni ni mimi. Na kweli nilikuwa mgeni. Vile vilikuwa vinyungu vyao, wanalima pale kila kiangazi maji yakipungua, tangu enzi za mama zao. Januari vinyungu havionekani, vipo chini ya maji na majani. Muuzaji hakunidanganya, sikumuuliza. Nilipokwenda kulalamika kwa mtendaji wa kijiji, akanikumbusha Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004: shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Misindano yangu, yaani miti ya paina niliyokusudia kupanda, isingeruhusiwa pale hata kama bonde lingekuwa tupu. Nilikuwa nimenunua mahali nisipoweza kupanda.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Barua yenye mhuri wa mwenyekiti peke yake haitoshi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Omba uone muhtasari wenyewe wa mkutano huo, halafu ufuatilie hatimiliki ya kimila. Hapa pia nauli inahusika, maana mkutano mkuu haufanyiki kwenye simu.

Miche niliipanda Desemba, mita tatu kwa tatu, kama 450 kwa eka. Baada ya hapo nikaingia kwenye ugonjwa wetu wafanyakazi wa mjini, kilimo cha simu. Natuma hela ya kufyeka na kusafisha barabara ya moto, ule ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto, najibiwa "tayari, mwalimu". Oktoba 2016 mtu alichoma shamba lake aandae ulezi, upepo ukageuka, eka tatu zikaondoka mchana mmoja. Barabara ya moto niliyoilipia ilikuwa na nyasi za kufika magotini. Niliyaona kwa macho yangu majivu yake.

Akina mama wa vinyungu sikuwafukuza. Shemeji aliniona mjinga. Lakini hesabu miezi: Agosti, Septemba, Oktoba, moto unapotembea Mufindi nzima na wenye mashamba tuko Mbeya na Dar, wao wapo bondeni kutwa. Tukakubaliana walime, nami nikaacha kutuma hela ya kufyeka kwa simu. Nawalipa wao, baada ya kuizunguka barabara ya moto kwa miguu yangu.

Septemba mwaka jana moshi ulianzia ng'ambo ya mto. Waliupiga kwa matawi mabichi na ndoo za kumwagilia, ukafia kwenye barabara ya moto kabla ya kugusa msindano hata mmoja. Nilifika kesho yake, nikaonyeshwa pale ulipoishia, nikapewa mahindi ya kuchoma ya njiani. Niliyamaliza kabla basi halijafika Makambako.