Libaya la Noeli Halifungi Tena Tarehe 4 Januari

SWALI: Mama Muuguzi, jambo sana. Kila Novemba nanunua kikwembe (kitenge) na fundi ananishonea libaya (nguo ya juu) la Noeli. Siku ya misa linanikaa vizuri. Tarehe 4 Januari, sikukuu ya Mashahidi wa Uhuru, nikitaka kulivaa tena, zipu inakwama kwenye mbavu. Mwaka huu nataka kufunga kula kuanzia tarehe 20 Desemba, na jirani ananiuzia chai ya kupunguza tumbo. Shida nyingine ni mama mkwe: nikikataa bukari (ugali) yake, mwaka mzima nitasemwa. Nifanye nini?
Mama wa Mapasa (pacha), Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama wa Mapasa, nimecheka, maana hata langu la 2019 liko ndani ya sanduku na zipu yake imevunjika. Miaka 31 ya kuvaa blauzi nyeupe na kuwaambia watu wapunguze mafuta haikunisaidia mbele ya michopo (nyama ya kuchoma).

Chai ile iache. Siku moja nilisoma karatasi ya chai ya namna hiyo iliyoletwa na mgonjwa, nikakuta sanamaki, dawa ya kuharisha. Unakwenda chooni mara tano, mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji, kesho yake unakunywa na uzito unarudi. Kufunga kuanzia tarehe 20 nako kutakufikisha Noeli na njaa ya siku tano, na mwenye njaa hiyo hapimi mkono. Kama una sukari, au unanyonyesha, usijaribu kabisa kabla ya kuongea na daktari.

Pia usiogope yote unayoyaona tarehe 2 Januari. Bukari nyingi na chumvi ya makayabu (samaki wa chumvi) vinashika maji mwilini, na maji hayo yanatoka yenyewe ukirudia chakula chako cha kawaida. Kule Marekani watafiti waliwapima watu wazima 195 kuanzia Novemba hadi Januari, wakatoa matokeo mwaka 2000. Kwa wastani waliongeza gramu 370 tu, ingawa wenyewe walidhani ni karibu mara nne ya hapo. Lakini Machi gramu zile zilikuwa bado zipo. Hesabu mwenyewe ni Noeli ngapi tangu uolewe.

Sasa gramu hizo zinaingilia wapi? Wewe unaogopa sahani ya Noeli. Mimi naogopa zile wiki tatu za kutembeleana: leo ubatizo Kamalondo, kesho dote (mahari) Ruashi, keshokutwa shangazi amefika kutoka Likasi, na kila nyumba wanakufungulia chupa kabla hujakaa. Bia kubwa ya sentilita 72 ina kalori karibu 300. Tatu ni chakula kizima cha mchana, na hakuna anayeacha kula kwa sababu amekunywa. Soda ndogo ina sukari kama vijiko 8 vya chai. Munkoyo (kinywaji cha mahindi) wa nyumbani usiotiwa sukari ni afadhali, lakini onja kwanza, maana siku za feti (sherehe) wanautia sukari bila huruma. Mimi nafanya hivi: chupa ya kwanza maji, ya pili ile ninayoipenda, halafu glasi yangu inabaki nusu mpaka naaga. Glasi ikiwa nusu hakuna anayekulazimisha. Ikiwa tupu, umekwisha.

Halafu mafuta. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi, yawe mawese, yawe ya karanga. Sombe (majani ya muhogo) yenyewe haina kosa, angalia kinachoelea juu yake.

Kuhusu mama mkwe, usikatae. Fika mapema, ingia jikoni, umsaidie kusonga, kisha ujipakulie mwenyewe. Omba sahani yako, kwa sababu kwenye bukari ya pamoja hakuna anayejua amekata matonge mangapi. Anza na lengalenga (mchicha) na samaki, tonge lifuate taratibu. Akikuongeza, msifu mboga, na nyama ombea kibakuli cha kuwapelekea mapasa. Hapo atafurahi kuliko kama ungekula.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni kujipima. Huko Birmingham, Uingereza, watu 272 waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Kundi moja liliambiwa lijipime angalau mara mbili kwa wiki wakati wa sikukuu, likapewa na mashauri madogo ya kula. Mwishoni lilikuwa chini ya lile lingine kwa karibu nusu kilo. Huna mizani? Unalo libaya. Kitenge hakivutiki, hakidanganyi. Livae kila Jumatano na kila Jumapili asubuhi kabla ya chai. Zipu ikianza kusita, siku mbili zinazofuata kula mboga na kapenta (dagaa) bila kukaanga, acha soda, tembea kwa miguu mpaka soko la mtaa wetu wa Kenya kabla mvua haijaanza, upate na maembe ya watoto. Usingoje Januari, maana baada ya tarehe 4 kuna sikukuu nyingine za tarehe 16 na 17, na wageni wa Likasi hawajui kurudi.

Na fundi wako mwambie aache sentimita 2 za kupanulia pembeni. Mimi wangu nimeshamwambia.