Mguu wako na hizo chembe nyeupe

Mwanangu Rehema,

Hujambo mama? Huku Temeke sote wazima, joto tu.

Umeniuliza: kama chembe nyeupe za damu kazi yake ni kutulinda, mbona mguu uliochomwa na msumari ulizidi kuvimba siku ya pili, na FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ikatoa 13.4? Na kijana wa duka la dawa anataka akuuzie dawa ya kuzishusha, eti una wadudu kwenye damu.

Usinunue. Hiyo 13.4 ni chembe 13,400 kwa mikrolita. Mtu mzima kwa kawaida ana 4,000 hadi 11,000. Zimepanda kwa sababu zimeitwa. Namba peke yake haitaji ugonjwa, maana hata ujauzito huzipandisha.

Msumari ulipoingia, seli zinazokaa humo nyamani zilimwaga kemikali, histamini ikiwemo. Mishipa midogo ikatanuka, ndiyo joto na wekundu. (Kwa ngozi zetu wekundu hujificha, gusa kwa mgongo wa kiganja, kisha linganisha na mguu wa pili.) Kuta za mishipa zikaachia nafasi, maji ya damu yakavuja, ukavimba. Maumivu yanatokana na kemikali hizohizo na nyama kubanwa.

Ndani ya saa chache zikaja newtrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe. Kwenye hadubini utaijua kwa kiini chake cha zambarau, vipande vitatu hadi vitano vilivyoshikana kwa uzi mwembamba. Ni miongoni mwa zile tulizokuwa tukizihesabu maabara kwenye slaidi za malaria, vimelea vingapi kwa kila chembe nyeupe 200. Inabingirika kwenye ukuta wa mshipa, inanata, kisha inajipenyeza nje kama konda kwenye daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Huko inameza bakteria na kumwaga sumu. Sumu hiyo haichagui, mama, na nyama yako pia inaungua. Usaha unaouona kwa sehemu kubwa ni maiti zao.

Baadaye monositi, chembe nyeupe za aina nyingine, hutoka kwenye damu, hugeuka makrofaji, yaani seli kubwa za kumeza, hula mizoga na kuanzisha ukarabati. Aliyeligundua jambo hili la seli kumeza wavamizi, Ilya Mechnikov, mwaka 1882 kule Messina, Italia, alichoma miiba kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, akaona seli zimeizingira. Mwaka 1908 akapewa Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Na mtoki uliosema unausikia kinenani ni limfositi, nazo ni chembe nyeupe, zinaongezeka kwenye tezi.

Sasa usikamue. Ukikamua unasukuma uchafu ndani zaidi. Mguu uwe juu ya mto unapolala. Kesho nenda kituo cha afya wakisafishe kidonda, uulizie sindano ya pepopunda. Kama unahitaji dawa ya kuua bakteria, daktari ataamua akishakiona. Uvimbe ukipanda kupita kifundo, au ukitetemeka kwa homa, usingoje asubuhi.

Baba yako anauliza kama hicho kidoti cha msumari bado kinatoa maji. Mjibu yeye mwenyewe, simu yangu haina chaji.

Mama