Maswali na Majibu: Kiburi cha Mwanadamu Mbele za Mungu

Swali: Watu wa Babeli walikosa nini hasa? Kujenga mji na mnara ni dhambi?

Kosa halikuwa matofali wala lami. Baada ya gharika, Mungu alimwagiza Nuhu na wanawe wazae, waongezeke na kuijaza nchi (Mwanzo 9:1). Watu wa Shinari, nchi ulikojengwa mji wa Babeli, nao walitangaza nia yao bila kuficha: wajifanyie jina, wasije wakatawanyika usoni pa nchi yote (Mwanzo 11:4). Agizo lilikuwepo, nao wakajenga ili wasilitii. Tena katika sura inayofuata, Mungu mwenyewe anamwahidi Abramu kulikuza jina lake. Walichokuwa wakikitafuta kwa ukaidi, Abramu alikipewa kwa kutii mwito wa kuiacha nchi yake.

Swali: Kama Mungu ndiye aliyeufanya mgumu moyo wa Farao, kwa nini Farao aliadhibiwa?

Swali hili ni zito, na sitadai kuumaliza uzito wake hapa. Ni kweli kwamba Mungu alimtangulizia Musa habari hiyo kabla hajafika Misri (Kutoka 4:21). Hata hivyo, ukiyafuata mapigo moja baada ya jingine, utaona kwamba katika matano ya mwanzo simulizi inasema moyo wa Farao ulikuwa mgumu, au kwamba yeye mwenyewe aliufanya mgumu, hasa alipopata nafuu baada ya vyura na baada ya mainzi (8:15, 32). Ni katika pigo la sita, lile la majipu, ndipo tunaposoma kwamba Bwana aliufanya mgumu moyo wake (9:12). Kabla ya pigo lolote, Farao alikuwa amekwisha kuuliza Bwana ni nani hata aisikilize sauti yake (5:2). Kwa maoni yangu, Mungu alimthibitisha katika njia aliyokwisha kuichagua.

Swali: Nikimuuliza Mungu kwa nini amenyamaza, je, nina kiburi?

La. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza “hata lini”, na Habakuki anafungua kitabu chake kwa kilio hichohicho. Ayubu alilalamika kwa uchungu, akakemewa, akatubu katika mavumbi na majivu. Lakini waliowashiwa hasira ya Mungu mwishoni ni rafiki zake, ambao hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu (42:7). Anayelia kwa Mungu bado anangoja kujibiwa na Mungu, na mwenye kiburi hangoji neno kutoka kwake.

Swali: Mifano mingi ni ya wafalme wa mataifa. Je, watu wa Mungu nao huasi hivyo?

Ndiyo, na mfano unaonitia hofu kuliko yote ni wa mfalme wa Yuda aliyekaa karibu kabisa na Maandiko. Katika Yeremia 36, Mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, mwezi wa tisa, makaa yakiwaka mbele yake. Mtumishi wake aitwaye Yehudi anamsomea gombo lenye maneno ya Yeremia. Kila zinapokwisha kusomwa kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote linateketea. Hafokei mtu, na wakuu watatu wanaomsihi asilichome hawasikilizwi. Baba yake, Yosia, aliposomewa kitabu cha torati, aliyararua mavazi yake mwenyewe. Mwana alilikatakata neno lenyewe. Naye Bwana akamwambia Yeremia atwae gombo lingine, na likaandikwa upya, likaongezwa maneno mengine mengi.

Uzia, mfalme mwingine wa Yuda, naye alisitawi muda wote alipomtafuta Mungu, kisha alipopata nguvu moyo wake ukainuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani. Kuhani Azaria na makuhani wengine 80 walimzuia. Akiwa bado anawakasirikia, chetezo mkononi, ukoma ukamtokea katika kipaji cha uso (2 Mambo ya Nyakati 26).

Swali: Nimemdharau Mungu kwa miaka mingi, nikijua ninalofanya. Je, nimechelewa?

Hujachelewa, ndugu yangu, na ninakusihi uliamini hilo. Manase, mfalme wa Yuda, aliwapitisha wanawe motoni, akaweka sanamu ndani ya hekalu, na aliposemeshwa na Bwana hakusikiliza. Alipopelekwa Babeli akiwa amefungwa pingu, alijinyenyekeza sana na kuomba, naye Mungu akamsikia na kumrudisha Yerusalemu (2 Mambo ya Nyakati 33). Aliporudi aliziondoa sanamu zile na kuitengeneza madhabahu ya Bwana. Sitakuficha kwamba si kila alichokiharibu kilirekebika: hata baada ya matengenezo ya Yosia, mjukuu wake, 2 Wafalme 23:26 inasema hasira juu ya Yuda ilibaki kwa ajili ya machukizo ya Manase. Lakini yeye mwenyewe, alipoomba, alipokewa.