Hesabu Mizigo ya Umeme Kwanza, Haneshi na Boksi la Fyuzi Baadaye

Msomaji mmoja aliye Uingereza kaniandikia juzi. Ameagiza chasisi ya gari la kujiundia, la umbo la Lotus Seven, kile kigari kidogo cha wazi cha Kiingereza. Injini na giaboksi atazitoa kwenye Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, na sasa ameona haneshi (fungu la nyaya za umeme za gari) ya Kimarekani ya saketi 21, pamoja na boksi lake la fyuzi, kwa bei ya kuvutia. Anauliza kama ainunue.

Usinunue bado, ndugu yangu. Hiyo namba 21 haikuambii kitu. Ndani yake kuna saketi za kiyoyozi, vioo vya umeme na kufuli za milango, na gari la umbo hilo mara nyingi halina hata mlango wa kufunga. Ukitafuta taa ya ukungu ya nyuma, ambayo IVA (ukaguzi wa Uingereza wa magari ya kujiundia) inaitaka, huikuti.

Chukua daftari, uchore safu nne: kifaa, ampea zake, kinapata umeme lini (muda wote, au funguo ikifunguliwa), na kiko wapi kwenye gari. Wati gawanya kwa volti 12, unapata ampea. Balbu ya H4 ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, kwa hiyo dimu ya upande mmoja inakula ampea 4.6. Hazadi huwasha balbu nne za wati 21 kwa pamoja, yaani ampea 7. Feni ya rejeta ya inchi 12 hula ampea 10 hadi 15 ikishazunguka, na wakati wa kuanza huvuta zaidi ya hapo. Usiache kitu, hata taa ndogo ya namba.

Daftari likijaa, boksi linajichagua lenyewe. Fulu na dimu, kulia na kushoto, kila moja iwe na fyuzi yake ya ampea 7.5 au 10. Ukiweka fyuzi moja kwa taa zote mbili, siku ikikatika usiku kwenye kona unabaki gizani. Kompyuta ya injini isichangie fyuzi na kitu kingine. Pampu ya mafuta vivyo hivyo. Feni ipitie rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Ukimaliza, ongeza nafasi tatu au nne tupu, maana mahitaji hayaishi.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea: fyuzi inalinda waya. Haikuwekwa kwa ajili ya kifaa. Lazima iwe kubwa kidogo kuliko mzigo na ndogo kuliko uwezo wa waya. Waya wa ganda jembamba wa milimita 1 ya mraba hubeba ampea 16.5, wa 2 hubeba 25, wa 3 hubeba 33. Feni ya ampea 12 nitaipa fyuzi ya 20 na waya wa 3. Kwa nini nisiipe waya wa 1.5, ambao hubeba 21? Kwa sababu ya urefu. Kwenye mita 4 za waya wa 1.5, ampea 12 hupoteza zaidi ya nusu volti njiani, na bado hujahesabu njia ya kurudi. Waya wa 3 hupunguza hasara hiyo kwa nusu. Anayeweka fyuzi ya 30 kwenye waya wa 1.5 eti fyuzi inakatika-katika, ameugeuza waya kuwa fyuzi, nao utaungulia ndani ya gari.

Turudi kwenye ile haneshi ya Marekani. Nyingi za aina hiyo zimepangwa kwa usukani wa General Motors, ambako umeme wa taa ya breki hupitia kwenye swichi ya indiketa, kisha balbu moja nyekundu hufanya kazi zote mbili. Uingereza indiketa ya nyuma lazima iwe ya rangi ya chungwa, na breki iwe peke yake. Kwa hiyo utalazimika kuvuta waya mpya wa breki na kubadilisha swichi. Kuna na hatari ya rangi. Kwa General Motors waya wa kahawia ni wa taa ndogo za nyuma. Kwa utaratibu wa Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme vya magari, unaofuatwa na haneshi nyingi za Kiingereza, kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, usio na fyuzi. Ukichanganya haneshi mbili bila kubandika lebo, iko siku utakata waya ukidhani umezima.

Haneshi ya MX-5 yenyewe je? Ya upande wa injini ibakize pamoja na kompyuta na sensa zake, mradi ganda la nyaya halijakauka na kupasuka. Ya bodi iache. Imejaa nyaya usizozihitaji, hata za mota za kuinua taa za mbele. Kwa bodi, nunua haneshi ya Kiingereza iliyotengenezwa kwa magari ya aina hiyo, na umuulize muuzaji maswali haya: taa ya ukungu imo? Kuna fyuzi kuu karibu na betri? Kila taa ina waya wake wa ethi, yaani wa kurudisha umeme betrini?

Hilo la ethi halina mjadala. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa iliyofungwa juu yake inahitaji waya wa kurudi. Rangi ya unga kwenye chasisi nayo huzuia umeme: kwangua hadi chuma king'ae, funga boliti, kisha paka grisi. Usisahau mkanda mnene wa ethi kutoka injini hadi chasisi. Ukikosekana, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, na mara nyingi hupita kwenye kebo ya mafuta au ya klachi mpaka ikaungua.

Boksi lifunge mahali mkono unafika bila kulala chini ya dashibodi, mbali na ekzosi na maji. Rilei zielekeze miguu chini. Nyaya zishikiliwe kila milimita 300, na kila tundu la bati liwe na raba. Terminali, yaani vichwa vya nyaya, zibane kwa koleo lake. Usizilehemu, kwa kuwa risasi ya kulehemu hupanda ndani ya nyuzi, waya unakakamaa, na mtikisiko unaukata pale pale.

Kabla ya kuweka fyuzi hata moja, unganisha balbu ya wati 21 mahali pa kila fyuzi, moja baada ya nyingine, swichi zote zikiwa zimezimwa. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna waya umegusa chasisi. Fuata waya huo kutoka kwenye boksi, ukiukagua kwenye kila tundu na kila kishikizo, mpaka balbu izime.